Kipande cha ndege kilichookotwa Pemba: rada na upepo vinasema nini kuhusu MH370?

Mkazi wa Ilazo (mleta uzi)

Wakuu, salamu kutoka Dodoma.

Wiki hii nimesikia tena, katika maongezi ya watu wazima wenye elimu zao hapa mjini, kwamba ile ndege ya Malaysia, MH370, haikuanguka baharini. Wanasema ilitekwa, ikashushwa kisiwa cha Diego Garcia, katikati ya Bahari ya Hindi, kwenye kambi ya Wamarekani, na kile kipande kilichookotwa Pemba mwaka 2016 kililetwa usiku na watu, kikatupwa ufukweni ili dunia iamini uongo. Waliokuwepo wakaitikia kwa vichwa. Hakuna aliyeuliza swali hata moja.

Jambo hili linaniuma. Ndani ya ndege ile walikuwemo watu 239, abiria 227 na wafanyakazi 12, na ndugu zao mpaka leo hawana kaburi la kwenda kusimama. Kati ya vipande vyote vilivyopatikana, kimoja cha muhimu kabisa kilikuja kwenye ufukwe wa nchi yetu. Mtanzania anayesema kipande kile ni cha kupandikizwa anapaswa kuwa na sababu, na sababu yake ipimwe. Vipimo vipo. Usiku ule uliacha mwangwi wa rada, na uliacha vitu vikielea kwenye bahari ambayo upepo wake uliandikwa siku baada ya siku. Mtu yeyote mwenye hadithi yake lazima akubaliane na vyote viwili.

Nianze na usiku wenyewe. Tarehe 8 Machi 2014, Boeing 777-200ER yenye usajili 9M-MRO iliondoka Kuala Lumpur saa 6:42 usiku kwa saa za Malaysia, ikielekea Beijing. Saa 7:19 chumba cha marubani kiliaga waongozaji wa Malaysia kwa utulivu. Saa 7:21 transponda ikanyamaza, palepale ndege inapotoka anga la Malaysia na kuingia mikononi mwa waongozaji wa Vietnam.

Hapa watu wengi wanasema "ilipotea kwenye rada". Haikupotea kwenye rada zote. Rada wanazotumia waongozaji wa ndege za abiria kwa kawaida huuliza swali angani, na transponda ndiyo inayojibu: mimi ni fulani, niko kimo fulani. Transponda ikizimwa, jibu halipo na jina linatoweka kwenye kioo. Ila ipo rada ya aina ya pili, ambayo haiombi jibu la mtu. Inarusha mawimbi ya redio, yakigonga bati yanarudi. Wanajeshi wanaitumia kwa sababu adui hawezi kutarajiwa ajitambulishe. Rada ya jeshi la Malaysia iliiona ndege ikigeuka kushoto, ikirudi juu ya rasi ya Malaysia, ikipita kusini ya kisiwa cha Penang, kisha ikipanda kaskazini-magharibi kwenye Mlango wa Malacca. Mwangwi wa mwisho ni wa saa 8:22 usiku.

Kwa hiyo kwa saa nzima baada ya ile "kupotea", tuna njia yake. Ndiyo maana ripoti ya mwisho ya Malaysia ya Julai 2018 iliweza kusema kwamba ule mgeuko ulifanywa na mkono wa binadamu, si mashine peke yake. Nani aligeuza, ripoti ilisema haiwezi kuthibitisha.

Sasa tahadhari moja kuhusu rada. Machi 2014 magazeti yaliandika kwamba ndege ilipaa mpaka futi 45,000 kisha ikaporomoka, na watu wakajenga juu yake hadithi za kuwaua abiria kwa kukosa hewa. Kimo cha juu kilichoidhinishwa kwa ndege ile ni futi 43,100. Rada ya mwangwi inapima umbali na upande vizuri. Kimo, hasa kwa chombo kilicho mbali, inakikadiria vibaya. Wachunguzi waliviweka kando vimo vile. Ukiona mtu mpaka leo anasimulia futi 45,000 kama jambo lililothibitishwa, jua amesoma habari ya wiki ya kwanza akaishia hapo.

Nitaendelea na upepo hapo chini, maana ndipo penye uzito.

Mchana Kweupe

Mkuu, nakuheshimu lakini nina swali. Jeshi lililoona ndege isiyojulikana ikikatiza nchi yake usiku likakaa kimya, leo tuamini rada yake? Wao ndio wenye sababu ya kuficha.

Mkazi wa Ilazo

Mkuu Mchana Kweupe, swali lako ni la haki kabisa. Jeshi lilieleza kwamba halikuiona ndege ile kama adui, na ndege za kivita hazikurushwa. Hilo wanastahili kulaumiwa, na wamelaumiwa.

Lakini njia ile haisimami kwa mguu mmoja wa jeshi. Rada ya kiraia ya Kota Bharu nayo ilinasa mwangwi wa chombo kikirudi. Halafu saa 7:52 usiku mnara wa simu wa Penang ulinasa simu ya rubani msaidizi ikijaribu kushika mtandao. Mnara wa kampuni ya simu hauko chini ya jeshi. Vitu vitatu ambavyo havikupangwa pamoja vinasema ndege ilikuwa maeneo ya Penang muda ule. Ukitaka kusema jeshi lilidanganya njia, eleza na ule mnara.

Na saa 8:25 usiku, dakika tatu tu baada ya mwangwi wa mwisho wa rada, chombo cha mawasiliano ya setilaiti kilichomo ndani ya ndege kilijiunga upya na setilaiti ya Inmarsat, kampuni ya Uingereza. Tangu hapo waliendelea kuitana, takriban kila saa, mpaka saa 2:19 asubuhi ya Malaysia. Kwa saa zetu hiyo ni saa 9:19 usiku. Dodoma yote ilikuwa imelala na ndege ile bado ilikuwa inajibu.

Msoma Anga UDOM

Naomba nichangie hapo kwenye setilaiti, maana ndipo Diego Garcia inapokufa.

Setilaiti ile ilikuwa juu ya Ikweta, karibu longitudo ya nyuzi 64.5 mashariki. Kila ilipoitana na ndege, kituo cha ardhini kiliandika muda ambao ishara ilichukua kwenda na kurudi. Muda unakupa umbali, na umbali unakupa duara juu ya uso wa dunia: ndege iko mahali fulani kwenye mstari huu, hujui wapi. Sehemu ya duara lile ambayo ndege ingeweza kuifikia ndiyo inaitwa tao. Yapo saba, na la saba ndilo la mwisho.

Sasa chukua ramani. Diego Garcia iko karibu nyuzi 72 mashariki, nyuzi 7 kusini. Maana yake iko karibu chini ya setilaiti ile. Ndege ikiwa pale, ishara ingerudi mapema sana. Tao la saba liko mbali mno mashariki, kuelekea Australia. Hakuna namna ya kuliburuta hadi Diego Garcia bila kusema kwamba vipimo vyote saba vilighushiwa kwenye kompyuta za kampuni ya Uingereza usiku uleule.

Wale wanaosema ndege ilionekana Maldivi nao waangalie saa. Wakazi wa kisiwa cha Kuda Huvadhoo walisema waliona ndege kubwa ikipita chini saa 12:15 asubuhi ya kwao. Kwa saa za Malaysia hiyo ni saa 3:15 asubuhi. Mafuta ya MH370 yalikadiriwa kuisha karibu saa 2:17. Siwaiti wakazi wale waongo, waliona ndege. Ila ndege isiyo na mafuta hairuki karibu saa nzima.

Mkazi wa Ilazo

Asante sana kijana wangu, umenipunguzia kazi.

Basi nije kwenye upepo wa juu. Rada inaona ndege inavyosafiri juu ya ardhi. Injini na mafuta vinahesabu jinsi ndege inavyopita ndani ya hewa. Chukua mfano: rada inakuonyesha kilomita 900 kwa saa, na huko juu kuna upepo wa kilomita 60 kwa saa unaisukuma kutoka nyuma. Ndege yenyewe inapita kwenye hewa kwa kilomita 840 tu. Upepo huohuo ukigeuka ukawa wa mbele, 900 ile ya rada inakuwa 960 ndani ya hewa, na mafuta yanaliwa kwa namna nyingine kabisa. Kwa hiyo huwezi kusoma mwangwi wa rada ukakisia mafuta yaliyobaki bila jedwali la upepo wa usiku ule, kimo kwa kimo. Upepo wa juu unapimwa kila siku kwa maputo yenye vipima hewa, ndege zinazopita na setilaiti, halafu modeli za hali ya hewa zinajaza mapengo. Ni kazi ileile ambayo mamlaka yetu ya hali ya hewa, TMA, yenye makao makuu hapahapa Dodoma, inaifanya kwa marubani wa Tanzania.

Sasa tao linasema uko kwenye mstari, halisemi uko wapi kwenye mstari. Hapo ndipo wataalamu wa sayansi ya ulinzi wa Australia, DSTG, walipofanya kazi ambayo binafsi naiheshimu sana. Walitengeneza kwenye kompyuta njia nyingi mno zinazowezekana kuanzia kwenye rada ya mwisho, kila njia na kasi yake na mwelekeo wake, wakazipitisha zote kwenye upepo wa usiku ule, kisha wakaangalia zipi zinagusa matao kwa wakati sahihi na zipi zinakosa. Zilizokosa zikatupwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016 na hesabu zake zote, mtu akitaka anasoma.

Msoma Anga UDOM

Na hapo kuna jambo dogo lenye athari kubwa. Rubani wa kujiendesha, yaani mfumo unaoiongoza ndege bila mkono wa mtu, anaweza kuwekwa kushika uelekeo wa pua ya ndege, au kushika mstari juu ya ardhi. Akishika mstari, upepo wa ubavuni unarekebishwa na ndege haihami. Akishika uelekeo wa pua, upepo unaibeba ndege pembeni bila yeye kujali. Kule kusini, kuanzia karibu nyuzi 25 kwenda chini, upepo wa juu unavuma kwa nguvu kutoka magharibi. Ndege inayoenda kusini kwa kushika pua inasukumwa mashariki saa baada ya saa. Kwa hiyo swali la swichi moja kwenye chumba cha marubani linahamisha mahali pa kutafuta. Ndiyo maana DSTG walijaribu namna zote.

Binti wa Wete

Assalaam alaykum wakubwa zangu. Mimi ni Mpemba, kazi ndiyo imenileta Dodoma. Nimefuata uzi huu kwa makini kwa sababu kile kipande kimeokotwa kwetu.

Ninachotaka kusema kwanza: watu wa Pemba hawahitaji serikali ya kigeni iwaletee taka baharini. Kusi likiingia, pwani ya mashariki inapokea kila kitu. Chupa zenye maandishi ya Kiindonesia, mabao ya meli, maboya ya nyavu ambazo hakuna mvuvi wetu anazitumia. Wazee hawashangai, wanajua bahari inatoka wapi. Kwa hiyo kipande kuja mwezi wa sita, katikati ya kusi, mimi sikukiona kigeni.

Lakini nina swali. Kama vyote vilianza mahali pamoja upande wa Australia, kwa nini kimoja kifike Pemba na kingine kifike Afrika Kusini? Huo umbali si mdogo.

Mkazi wa Ilazo

Wa alaykum salaam dada yangu. Hilo swali ndilo lililonifanya nifungue uzi, na ulichosema kuhusu kusi ndicho chenyewe.

Kwenye Bahari ya Hindi, kusini ya Ikweta, kuna mkondo mkubwa unaotoka mashariki kwenda magharibi mwaka mzima, ukisukumwa na pepo za kusini-mashariki. Unapita kaskazini ya Madagaska, unagonga bara la Afrika karibu na Rasi ya Delgado, mpakani mwa Tanzania na Msumbiji. Pale unagawanyika. Mkono mmoja unapanda kaskazini ukipita Mtwara, Mafia, Unguja na Pemba, na wakati wa kusi unakwenda kasi zaidi. Mkono mwingine unashuka Msumbiji hadi Afrika Kusini. Vitu viwili vilivyofika pamoja kwenye njia panda ile, kimoja kikitangulia kidogo au kikiwa kaskazini kidogo, vinaachana kabisa.

Angalia ulipopatikana mzigo: kisiwa cha Réunion Julai 2015, kilipookotwa kipande cha kwanza, ile flaperoni (bamba linalochezacheza nyuma ya bawa), Msumbiji, Mossel Bay ya Afrika Kusini, kisiwa cha Rodrigues, Pemba Juni 2016. Hiyo ni ramani ya mkondo wenyewe. Mtu wa kupandikiza angelazimika kujua njia panda ya Delgado, kujua misimu, kubandika viumbe wa baharini wenye umri unaolingana, na kutawanya vipande kwenye nchi nyingi kwa zaidi ya mwaka bila kuonekana hata mara moja.

Na kipande chetu hakikutambuliwa kwa kukisia. Ni sehemu ya flapu ya nje ya bawa la kulia, yaani bamba la nyuma ya bawa linaloteremshwa ndege inapotua. Kilikuwa na namba za kiwandani na muhuri wa tarehe 23 Januari 2002, na ndege ile ilikabidhiwa kwa shirika lake Mei 2002. Namba za kipekee zilizolinganishwa na kumbukumbu za aliyekitengeneza ndizo zilizofunga shauri, na Septemba 2016 wachunguzi wa Australia, ATSB, wakatangaza kwamba ni cha 9M-MRO.

Mkulima wa Kongwa

Wakuu mimi si mtu wa ndege, ni mtu wa mtama na uwele. Ila hili la vitu kuachana nalielewa. Ukipepeta mtama upepo wa mchana ukiwa mzuri, punje inaanguka miguuni, makapi yanakwenda kule, na vumbi linamfuata jirani. Upepo ni mmoja na ungo ni mmoja. Sasa je, hao wataalamu walihesabu kwamba vipande havifanani?

Mkazi wa Ilazo

Mzee wangu, shikamoo. Umeuliza kile ambacho kiliwagharimu wanasayansi mwaka mzima.

Kitu kilichozama nusu kinafuata maji. Kitu kilichoinua sehemu juu ya maji kinashikwa na upepo, kinakwenda kasi kuliko mkondo. Taasisi ya sayansi ya Australia, CSIRO, mwanzoni ilitengeneza mifano ya flaperoni na kuielea baharini. Majibu yakawa na shida: mifano ilichelewa, haikufika Réunion ilipotakiwa. Ndipo wakapata flaperoni halisi ya Boeing 777, wakaikata ifanane na ile iliyovunjika, wakaitia majini karibu na Hobart, Tasmania. Ile halisi ilielea kwa ubavu, ukingo mmoja ukiwa juu kama tanga. Ilikwenda kasi zaidi, na haikufuata upepo moja kwa moja, ilikaa karibu nyuzi 20 kushoto ya upepo unakoelekea.

Walipoingiza tabia hiyo kwenye modeli yao, tarehe ya Réunion ikakaa sawa, na eneo la kuanzia likajitokeza karibu nyuzi 35 kusini, kwenye tao la saba. Hiyo ilikuwa Aprili 2017. Angalia jinsi vitu viwili visivyojuana vilivyokutana: tao limetoka kwenye saa za setilaiti, nyuzi 35 zimetoka kwenye bati lililoelea.

Na kilichonishawishi zaidi ni vile ambavyo havikupatikana. Kama ndege ingeangukia kusini sana, pepo za magharibi za huko zingepeleka vipande kwenye fukwe za Australia. Fukwe zile zinatembelewa na watu, na hakikuokotwa hata kimoja kilichothibitishwa. Kama ingeangukia kaskazini sana, karibu na Java, vipande vingefika Afrika mapema mno kuliko vilivyofika. Halafu Machi na Aprili 2014 ndege za utafutaji zilichana maeneo makubwa ya bahari kwa macho na hazikuona kitu. Kukosa huko nako kunahesabiwa: unaurudisha upepo nyuma siku kwa siku, na kila eneo lililoonekana safi linafuta mahali fulani pa kuanzia. Eneo lililoachwa na ufutaji huo liko palepale karibu na 35.

Na Diego Garcia nayo haisimami hapo. Kitu kilichoanzia nyuzi 7 kusini kipo tayari kwenye barabara kuu ya mkondo kuja kwetu. Kingepiga pwani ya Tanzania ndani ya miezi, si baada ya miaka miwili na zaidi.

Mchana Kweupe

Nimekubali kwenye Diego Garcia, nilikuwa sijawahi kuwekewa ramani ya ile setilaiti. Lakini hebu niulize hivi. Kama upepo na rada vyote vinaonyesha 35 kusini, mbona walikwenda hapo wakakosa? Walitafuta kilomita za mraba 120,000 mpaka Januari 2017. Ocean Infinity wakaja 2018 wakapitia zaidi ya 112,000 nyingine. Hakuna kitu. Mahali sahihi pakikosa kitu, si pengine pamekosewa?

Mkazi wa Ilazo

Mkuu, hilo ndilo pingamizi la kweli, na mtu anayelikwepa hapaswi kuandika kuhusu jambo hili.

Jibu langu ni hili. Upepo wa baharini na mikondo vinakupa ukanda, haviwezi kukupa nukta. Tao nalo lina unene wake, kwa sababu baada ya ishara ya mwisho hatujui ndege iliruka mbali kiasi gani kabla ya kugusa maji. Na unene huo unategemea jambo moja: kulikuwa na mkono kwenye usukani mwishoni, au hakuna?

Hapo kipande cha Pemba kinarudi mezani. ATSB walikifungua Canberra wakaangalia ndani, mahali ambapo reli inayohimili flapu huingia. Alama za kugongana zilionyesha kwamba flapu ilikuwa imerudishwa ndani wakati inang'oka, haijateremshwa. Rubani anayetaka kuiketisha ndege juu ya maji kwa kawaida huteremsha flapu. Ukiongeza na ishara mbili za mwisho za setilaiti, zilizopishana sekunde nane tu, ambazo mabadiliko ya mawimbi yake yanaonyesha ndege ikishuka kwa kasi kubwa na kasi hiyo ikiongezeka, ATSB walihitimisha kwamba haikuwa ikiandaliwa kutua majini. Wapo marubani wakongwe wanaopinga hilo, wanasema aliyeigeuza aliweza kuitelezesha mbali bila flapu. Kama wao wana haki, ndege iko nje ya ukanda uliochanwa. Mimi naegemea upande wa kipande, kwa sababu alama ndani ya bati haina cha kutetea. Lakini pingamizi lao halipingani na upepo wala rada, kwa hiyo ni pingamizi halali.

Sababu nyingine ni chini ya bahari yenyewe. Kina ni kilomita nne hivi, kuna milima, mabonde na miteremko ambako mashine zinazopima kwa mwangwi wa sauti zinaacha vivuli. Pametafutwa, lakini si kila mita imeonekana sawasawa.

Ndiyo maana Machi 2025 serikali ya Malaysia iliidhinisha Ocean Infinity warudi, eneo jipya la kilomita za mraba 15,000, kwa makubaliano ya dola milioni 70 wakipata na bila malipo wakikosa. Aprili kazi ikasimamishwa kwa sababu ya msimu. Majira ya baridi ya kusini yanaleta bahari mbaya huko.

Msoma Anga UDOM

Kabla hatujafunga, naomba tusiache moja linalozunguka sana mitandaoni: kwamba redio za ridhaa, yaani za watu wanaorusha mawimbi kwa kujifurahisha, kwa mfumo unaoitwa WSPR, zilinasa njia ya ndege kama rada kubwa ya dunia. Wazo ni kwamba ndege ikikatiza mawimbi dhaifu yanayosafiri maelfu ya kilomita, mawimbi yanatikisika na mtikisiko unaandikwa. Mwanafizikia Joe Taylor, mshindi wa Nobel aliyeubuni mfumo wenyewe, amesema haamini kwamba kumbukumbu zake zinaweza kufuatilia ndege. Mwangwi wa bati la ndege kwa umbali ule ni mdogo mno ukilinganisha na mabadiliko ya kawaida ya anga la juu. Rada ya jeshi iko kilomita mia chache kutoka kwenye ndege, inarusha nguvu nyingi na kusubiri jibu lake yenyewe. Hivi viwili tusiviite jina moja.

Binti wa Wete

Nimeelewa vizuri, Mungu awalipe. Nina mjomba anavua kule kwetu, na anasema kwenye mikoko kuna mabati na plastiki ngumu za miaka. Kitu kikionekana cha ndege afanye nini? Maana watu wengi wanakifanya paa la banda la kuku.

Mkazi wa Ilazo

Mwambie asikioshe wala asikikwangue. Wale viumbe wenye magamba wanaojishika kwenye kitu kinachoelea, wanasayansi wamesoma magamba yao kwenye flaperoni ya Réunion ili kujua maji waliyopitia yalikuwa na joto gani. Akiwabandua anafuta safari yote.

Apige picha kikiwa palepale kilipo, pande zote, hasa penye namba au muhuri wowote, na aweke kitu pembeni cha kuonyesha ukubwa. Aandike tarehe, jina la ufukwe, na upepo uliokuwa unavuma siku zile. Wavuvi wanaujua upepo huo kuliko karatasi yoyote. Kisha ampelekee sheha, sheha awapelekee polisi na mamlaka ya usafiri wa anga. Kile cha 2016 kilifuata njia hiyohiyo ya watu wa kawaida: kiliokotwa, kikatolewa taarifa, mamlaka zetu zikakikabidhi kwa wachunguzi. Na kama tayari kimekuwa paa la banda, bado aseme. Namba iliyogongwa kwenye chuma haifutiki kwa kuku.